Maji Aliyoleta Baba

Kanzu za ubatizo za kanisa letu nimezishona mimi, zote. Kanzu ya kubatiziwa si kama gauni. Ukiishona kwa kitambaa chepesi, mtu akilowa anaonekana mwili mzima, na waliokuja kuimba wanasahau wimbo. Ukiishona pana bila uzito, akishuka majini nguo inampanda kama mwavuli. Kwa hiyo mimi natumia kitambaa kizito, na ndani ya upindo wa chini nazungusha nati za chuma, zile za bolti, kila moja nimeifunga kwa uzi wake ili zisikusanyike upande mmoja. Ukiivaa unatembea kama mtu aliyefungwa miguu, lakini ukiingia majini unabaki na heshima yako. Hakuna aliyenifundisha hilo. Shule niliiacha darasa la nne.

Nayaandika haya kwa sababu hapa mtaani kwetu Berea kuna watu wanasema nilimwaibisha binti yangu siku ya harusi yake. Wamesema sana, sasa na mimi niseme. Waliofanya nitawataja. Majina yao siyaweki, maana hapa Johannesburg mtu anabadilisha jina kama laini ya simu; nitawataja kwa vyeo vyao, na vyeo hawawezi kuvikana. Wa kwanza ni mchungaji. Wa pili ni mke wa mchungaji, tunayemwita Mama Pasta. Wa tatu ni mzee wa kanisa, ambaye leo ni mkwe wangu.

Mimi nilizaliwa Mkatoliki, kwenye milima ya Kivu. Kwetu dini ilikuwa ni mlima. Mlima wetu ulikuwa wa mapadri, mlima wa ng'ambo ulikuwa wa Waprotestanti, na katikati kulikuwa na chemchemi moja. Tulipokutana pale na ndoo, watoto wao walituimbia, "Wanaosali mawe! Wanaosali mawe!" kwa sababu ya sanamu za kanisani kwetu. Sisi tukawajibu, "Yatima! Yatima wasio na mama!" kwa sababu hawakumtaka Bikira Maria. Tukishachoka kutukanana tulitwishana ndoo, maana ndoo haijitwishi.

Katekista wetu alitufundisha kwamba Waprotestanti walianza kwa sababu mtawa mmoja wa Ujerumani alitamani mke, basi. Nilipokuja kuolewa na mtu wa mlima wa ng'ambo, mume wangu aliniambia wao walifundishwa kwamba mtawa yule aliikuta Biblia imefungwa kwa mnyororo, akaukata. Tuliishi na hadithi hizo mbili katika nyumba moja, kila mtu na yake, na hatukuwahi kugombana kwa ajili yake. Tuligombana kwa mambo mengine.

Siku niliyobatizwa mimi, maji ya kanisani yaliisha. Mama alinisimulia hii mara nyingi sana mpaka naona kama nakumbuka, ingawa nilikuwa mtoto mchanga. Watoto wa kubatizwa walikuwa wengi, mimi nikawa wa mwisho. Padri akainamisha jagi, hakikutoka kitu. Baba akatoka mbio kwenda chemchemini, na chombo cha karibu alichokiona kilikuwa kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kilichokuwa kinangoja sherehe. Baba alisema aliimwaga ile pombe. Mama alisema aliinywa. Akakisuuza kibuyu, akarudi nacho kimejaa maji. Padri akanusa, akamtazama baba, akatazama dari, akanimwagia.

"Wenzako wote walilia," mama alikuwa akisema. "Wewe ulilamba midomo."

Hapo nyumba nzima ilikuwa inaanguka kwa kicheko, na baba anacheka kuliko wote.

Waliokuwepo siku ile ni mama, baba, bibi yangu mzaa mama, na mama wa ubatizo aliyenishika kichwa. Wote wanne waliuawa pamoja, mimi nikiwa msichana wa kuposwa. Waliowaua hawakutoka mwezini. Aliyewaonyesha njia alikuwa muuza sabuni wa soko letu, mtu aliyekuwa akila kwetu kila siku ya soko na kumsifu mama kwa mchuzi. Hakuna aliyemuuliza neno mpaka leo. Nimesikia ana nyumba ya bati jekundu na anaheshimiwa. Mimi nilipona kwa sababu nilikuwa nimepeleka muhogo kinuni, kwa mashine ya kusaga, na foleni ilikuwa ndefu. Padri naye hakuonekana tena. Kanisa liliungua na kila kilichokuwa ndani yake.

Kwa hiyo, katika dunia hii yote, anayejua kwamba mimi nilibatizwa ni mimi peke yangu, na mimi sikuona. Nina maneno ya mama tu.

Mume wangu ndiye aliyenileta Johannesburg, na ndiye aliyenileta katika kanisa la kwao, la Wakongo, kwenye ukumbi wa juu uliokuwa zamani wa kufanyia ngumi. Mchungaji wa wakati huo aliniuliza kama nimebatizwa. Nikamwambia ndiyo, kwa Wakatoliki, nikiwa mchanga. Akasema, "Maji ni maji, mama. Karibu mezani." Nikala mkate na kunywa kikombe katika kanisa lile miaka yote ya ndoa yangu, na baada ya mume wangu kufa nikaendelea. Hata kikombe kilinigusa, maana kwetu mlimani kikombe kilikuwa cha padri, sisi tulipewa mkate tu. Mara ya kwanza nilipopewa nilikishika kwa mikono miwili nikaogopa kukidondosha.

Kisha mchungaji yule akahamia Durban, akaja huyu wa sasa kutoka kusini mwa Kongo, na Kifaransa chake kingi na viatu vyake vyenye ncha.

Kosa halikuanza kwake. Lilianzia kwa mkewe. Mama Pasta alikuja kwangu kutazama kanzu mpya za ubatizo, akaniuliza nati ni za nini, nikamweleza, tukacheka. Mazungumzo ya wanawake yakaenda huku na huko, mpaka nikamsimulia kibuyu cha baba. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa changu. "Eh, mama, ulilamba midomo!" Nilifurahi. Tangu mume wangu afe hakuna aliyekuwa amemcheka baba yangu vizuri namna ile.

Jumapili iliyofuata mchungaji alipanda madhabahuni akahubiri juu ya ubatizo. Katikati ya mahubiri akanyoosha kidole hewani, akasema, "Na wapo humu ndani waliobatizwa kwa pombe!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Jina hakulitaja, na hakukuwa na haja. Mama Pasta alikuwa mbele, anacheka na mtandio mdomoni, na vichwa vilivyogeuka kunitazama vilijua pa kutazama.

Siku hiyohiyo ikatangazwa sheria. Aliyebatizwa mtoto hahesabiki. Asiyeingia maji mengi, kuzamishwa mwili mzima, hatapewa meza ya Bwana, na hatasimama mbele ya kanisa kwa jambo lolote.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa anaolewa katika kanisa hilo, na kijana wa mzee wa kanisa. Sisi watu wa milima ile, Mkatoliki au Mprotestanti, tuna desturi moja. Kabla ya viapo, bibi arusi anapiga magoti mbele ya watu, na mama yake anamwekea mkono wa kulia kichwani, anambariki kwa maneno yake mwenyewe. Bila mkono huo msichana ameondoka nyumbani, lakini hajaagwa. Mimi niliwekewa na shangazi wa mume, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mkono ule ulikuwa mzuri, mwepesi, na haukuwa wa mama yangu. Nilipozaa binti niliapa kwamba yeye atawekewa mkono wangu.

Mzee alikuja nyumbani kuniletea ujumbe. Alifika anahema.

"Mama, jambo dogo tu."

"Jambo dogo huletwa na mtoto," nikamwambia. "Wewe mzee mzima umepanda ngazi mpaka ghorofa ya sita na lifti imekufa. Sema."

"Siku ya baraka, anayeweka mkono lazima awe amebatizwa."

"Nimebatizwa."

"Awe amebatizwa vizuri."

"Vizuri kwa namna gani? Kuna kubatizwa, na kubatizwa vizuri?"

"Mkwe, usinitie matatani. Mimi nimetumwa tu."

"Na nisipozamishwa?"

Akatazama kofia yake. "Mama Pasta atasimama mahali pako. Yeye ni mama wa wote."

"Wa wote? Mbona sikumwona leba?"

Akanywa chai yake yote, akashuka.

Binti yangu hakuona tatizo. Yeye amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ulimi wake unakimbilia Kizulu na Kiingereza. "Eish, Mama. Si maji tu? Unaingia, unatoka, sharp. Mimi nataka wewe ndiyo usimame pale. Basi."

Nikafikiri siku kadhaa. Nikasema sawa. Nikajishonea kanzu.

Chumba chetu cha mbele mchana ni cha cherehani mbili, yangu na ya dada mmoja wa Tanga, Mwislamu, fundi wa mashungi na magauni ya harusi. Nyuma ya pazia, upande wa dirisha, amepanga Mtanzania mwingine, mtu wa Bukoba, mwalimu mwenye mvi kunishinda, aliyerudi kusoma chuo kikuu pale Braamfontein. Tunamwita Mwalimu. Mchana ule hakuwa na darasa, alikuwa anamenya ndizi za kupika, akaona kanzu.

"Hiyo ya nani, dada?"

"Yangu. Nakwenda kuzamishwa."

"Kwani hukubatizwa?"

"Nilibatizwa mtoto. Wanasema haihesabiki kwa Waprotestanti."

Akaweka kisu chini. "Mimi ni Mlutheri. Katika Waprotestanti sisi ndio wa kwanza kabisa, wengine wote walikuja nyuma yetu. Na mimi nilibatizwa na mwezi mmoja, nalia kama mbuzi."

"Ulizamishwa?"

"Nilimwagiwa kichwani. Na huyo mtawa aliyeanzisha mambo yote, alibatizwa na Wakatoliki, kichanga cha jana. Hakurudia mpaka anakufa."

Nikasimamisha cherehani. "Sasa wewe umekuwaje Mprotestanti? Wewe ni Mkatoliki mwenye mke!"

Dada wa Tanga akacheka akapiga meza. "Leo Mwalimu amevuliwa kilemba!"

"Tena mke wangu akisikia atasema ni kweli," Mwalimu akasema. Kisha akanisimulia, ndizi mkononi. Alisema mtawa yule hakuanza kwa kutaka mke, mke alikuja baadaye. Alianza kwa hofu. Alikuwa mtu wa kuogopa dhambi zake. Alifunga, alikesha, aliungama mpaka padri wake akachoka naye, na bado hakulala kwa amani. Wakati huo kulikuwa na wahubiri wanaozunguka wakiwauzia watu vyeti vya msamaha, hata kwa ajili ya jamaa zao waliokufa. Yeye akasoma Maandiko akaona neema haiuzwi, inatolewa bure. Akaandika hoja zake ili wasomi wajadiliane. Hakuwa anataka kutoka katika kanisa. Alitaka kanisa lijibu. Badala ya kujibiwa akaitwa mbele ya wakubwa, vitabu vyake vimepangwa mezani, akaambiwa: kana uliyoyaandika.

"Akakana?"

"Hakukana. Akafukuzwa katika kanisa lake, akafichwa na marafiki asiuawe, na hukohuko mafichoni akaanza kuitafsiri Biblia katika lugha ya watu wa sokoni. Na walipoachana na Roma waliacha mengi, dada. Lakini ubatizo wa watoto hawakuugusa."

"Basi haya maji mengi yametoka wapi?"

Mwalimu akaokota kisu, akarudi kwenye ndizi zake. Akasema wakati uleule, kusini ya huko, walitokea Waprotestanti wengine waliosema mtoto hajui kitu, abatizwe mtu mzima anayeamini. Wakaanza kubatizana upya. Na waliowakamata hawakuwa Wakatoliki peke yao. Waprotestanti wenzao waliwafunga mikono, wakawatosa mtoni.

"Kuwabatiza?"

"Kuwaua. Kwamba mlitaka maji, haya, maji."

Dada wa Tanga akatoa pini mdomoni. "Nyinyi Wakristo mnanishangaza. Maji mara moja tu katika maisha, na mnauana. Sisi tunatawadha kila siku mara tano, na tukikuta foleni bombani tunapeana salamu."

"Mnagombana kuhusu mwezi," Mwalimu akamwambia.

"Mwezi uko juu," akajibu. "Haumzamishi mtu."

Niliendelea kushona, lakini wale waliotoswa hawakunitoka. Ningeweza kufurahi, maana mchungaji wangu ni mjukuu wao katika imani, na hapo ningepata la kumjibu. Sikufurahi. Niliwaona wamesimama ukingoni mwa mto wao, wamefungwa, wanaambiwa waseme kwamba maji yao hayakuwa kitu. Nami najua mtu anayesimamiwa na wenye nguvu anavyotazama. Nikaona wao na mtawa na mimi tuko foleni moja. Wao walikataa kukana maji yao ya ukubwani, mimi nina maji yangu ya utotoni, na ubaya haukuwa katika maji ya huyu wala ya yule. Ubaya ulikuwa katika yule anayesema: kana.

Hata hivyo nilikwenda. Nataka hilo lieleweke, maana wamesema nilikwenda kufanya fujo. Nilikwenda kuzamishwa. Nilijiambia maji ya pili hayafuti ya kwanza, yanaongezea tu, kama mtu anayenawa mara mbili.

Kanisa lilikuwa limekodi bwawa la kuogelea la klabu ya zamani, vigae vimebanduka, na baridi ya Johannesburg ile inayoingia kwenye meno. Mchungaji alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, amevaa ovaroli la mpira la wavuvi, yeye hapati hata tone. Sisi tulikuwa tumejipanga pembeni na kanzu zetu, tunatetemeka. Kila anayeshuka anaulizwa kama anamwamini Bwana, anasema ndiyo, anazamishwa, kwaya inaimba. Nikafurahi. Swali hilo mimi nilikuwa nalo jibu.

Zamu yangu ikafika. Nikashuka ngazi, nati zinagonga vigae, maji yakanifika kifuani. Mchungaji akanishika mkono. Kisha akapaza sauti ili wote wasikie, akauliza swali ambalo hakumuuliza mwingine.

"Mama, unakiri kwamba ulichofanyiwa utotoni hakikuwa ubatizo?"

"Nizamishe, Pasta."

"Kiri kwanza."

"Niko ndani ya maji tayari. Unataka nini zaidi?"

"Sema: mimi sikubatizwa."

Nilijaribu. Nilifungua mdomo kabisa. Nilimwona binti yangu kule juu na blanketi ameniandalia, ananitikisia kichwa niseme. Neno lililotoka lilikuwa, "Nilibatizwa."

Mchungaji akacheka, akawageukia watu. "Kwa pombe!"

Wakacheka. Mama Pasta alicheka.

"Kwa maji," nikasema. "Baba yangu alikwenda mbio kuyaleta. Wote waliokuwepo wameuawa. Nikisema haikuwa, nani amebaki wa kusema ilikuwa?"

Kicheko kikapungua. Mchungaji akashusha sauti, sasa anasema na mimi tu. "Mama, wafu hawatoi ushahidi."

"Ndiyo maana ninatoa mimi."

"Basi siwezi kukuzamisha."

"Basi usinizamishe."

Akaniachia mkono. Nikapanda ngazi mwenyewe. Kanzu ikilowa na chuma kile inakuvuta kama mtoto mwenye usingizi, na hakuna aliyeninyooshea mkono mpaka nilipofika kwa binti yangu na blanketi lake. Nilipomsimulia dada wa Tanga kesho yake, akaniuliza kama nimebatizwa mpaka kifuani au vipi. Nikamwambia kichwa bado ni Mkatoliki. Tulicheka, lakini nilikuwa nimekwisha kupoteza mkono wangu wa baraka, na nilijua.

Binti yangu hakucheka. Tukiwa jikoni akaniambia, "Sentensi moja, Mama! Ungesema tu. Mungu anajua roho yako."

"Sentensi moja ndiyo yote niliyobaki nayo."

"Kwa ajili ya pombe ya babu?"

Ndipo nikamweleza. Alikuwa anajua kibuyu, kila mtu anajua kibuyu. Hakujua mengine. Nilimtajia majina yao wanne na mahali kila mmoja alipoangukia: baba mlangoni, mama wa ubatizo nyuma ya jiko, mama na bibi kwenye migomba, wameshikana. Nilimweleza muuza sabuni. Nilimweleza kwa Kiswahili cha polepole, kila neno alipate.

Akasema, "Mbona siku zote uliniambia ile ya kuchekesha tu?"

"Ile ya kuchekesha ndiyo yao. Hii nyingine ni ya muuza sabuni."

Akaosha kikombe kilichokuwa kimeoshwa. Kisha akasema kwamba hawezi kuvunja harusi. Wakwe wameshaalika watu mpaka wa Pretoria, kijana mwenyewe hana kosa. Atapiga magoti mbele ya Mama Pasta.

"Piga," nikamwambia. "Kijana ni mzuri. Mimi nitakuwepo."

Mwalimu alinishauri niende kwa Walutheri, hata alijua mahali. Dada wa Tanga alinishauri nisiende harusini kabisa, niwaachie aibu yao. Nikawaambia wote wawili hapana. Kanisa lile ni la mume wangu, limemzika, na viti vyake nimevifuta vumbi kabla mchungaji huyu hajajua njia ya Berea. Anayetaka nitoke anibebe.

Siku ya harusi nilikalishwa mstari wa tatu. Mimi, mama wa bibi arusi. Mstari wa kwanza walikaa wakwe, wa pili watu wa kwaya. Binti yangu akaingia, amependeza, gauni nimelishona mimi na dada wa Tanga kwa pamoja. Akapiga magoti akitutazama sisi, kama desturi ilivyo. Mama Pasta akasimama mbele yake, mgongo kwetu, akaweka mkono wake wenye pete juu ya shela, akaanza kubariki kwa Kiswahili na Kifaransa.

Mimi nikasimama.

Nilikuwa peke yangu, ukumbi mzima umeketi. Nikanyoosha mkono wa kulia kuelekea kichwa cha mwanangu, nikaanza na mimi, kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini lakini si ya kujificha.

Mzee akageuka, akaacha kiti chake, akaja ameinama kana kwamba ndani mnapigwa risasi.

"Mkwe. Keti."

"Siketi."

"Watu wanakutazama."

"Wamekuja kutazama."

"Nitakutoa nje."

"Nitoe."

Akanishika kiwiko. Hakukishika kwa nguvu, na mimi sikukivuta. Nilikiacha hapo mkononi mwake nikaendelea kuomba. Akawatazama wahudumu wa mlangoni, nao wakawa wanatazama sakafu. Akamtazama mkewe, naye mkewe akamwonyesha kiti kwa kidevu. Akarudi akaketi. Hilo namhesabia. Katika watatu, yeye ndiye aliyeniachia kiwiko.

Mama Pasta akamaliza. "Amina!" akasema kwa nguvu, na ukumbi ukajibu Amina, na mpiga ngoma akainua fimbo zake.

Binti yangu hakuinuka. Mama Pasta akamgusa bega, bado hakuinuka. Alikuwa ananitazama mimi kupita ubavuni mwa yule mama, anautazama mdomo wangu. Nilikuwa sijafika mwisho, na sikuharakisha. Nilikuwa nawataja wanaombariki pamoja nami, mmoja mmoja, majina yale aliyoyasikia jikoni. Niliona midomo yake ikiyafuata. Mpiga ngoma akashusha fimbo. Nikamaliza, nikashusha mkono.

Ndipo akasema, "Amina," peke yake, kwa sauti iliyofika mpaka ngazini.

Mama Pasta akamwinua, akamkumbatia, machozi yanamtoka. Mpaka leo anaamini ile Amina ya pili ilikuwa yake.